Askari wa Mama Jeni

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara sasa, mnaobonyeza kitufe halafu mashine inatema majibu, msidhani nawaonea wivu. Nawaonea kidogo tu. Mimi niliingia na cheti cha darasa la saba, enzi ambazo glovu zilifuliwa na kuanikwa kwenye kamba kama soksi za shule, nikatoka na mvi. Nilikuwa mhudumu wa maabara katika hospitali moja ya Ngara, sitaitaja jina, na ukiacha kufagia na kuosha vioo, kazi yangu kubwa ilikuwa kupokea nyama za watu.

Tulisema nyama. Wakubwa walisema sampuli. Ni kile kipande anachokata daktari mwilini mwa mgonjwa ili kipelekwe Mwanza, kikatwe vipande vyembamba kuliko karatasi, kitiwe rangi, halafu mtaalamu akitazame kwenye hadubini aseme kama ni saratani au siyo. Mtaalamu wa namna hiyo sisi hatukuwa naye. Tulichokuwa nacho ni fomalini, ile dawa kali inayozuia nyama isioze, na basi la Mwanza.

Mengi ninayoandika hapa sina hakika nayo. Tangu ujana nimezoea kuandika jioni mambo ya siku, na nikirudia kusoma naona mara nyingi nilikuwa nimeelewa nusu. Kwa hiyo mkikuta nimepotosha jambo la kitaalamu, mwenye kosa ni mimi, si walionifundisha.

Aliyenifundisha zaidi ni Mzee Athumani. Alikuwa mtu wa Biharamulo mjini, ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi tuliojifunzia lugha hiyo shuleni tuonekane tunachechemea. Ukipokea chupa yenye nyama ukaiweka mezani kwa kishindo, alikuwa anakuita pembeni na kukuambia taratibu, "Laurenti, hiyo ina mwenyewe. Mwenyewe yuko wodini, anasikia."

Siku moja zahanati fulani ya mbali ilituletea nyama ndani ya chupa ya soda. Iliingia ikiwa laini, fomalini ikaikaza njiani, ikafika ngumu kama kisigino, haitoki. Tulijaribu koleo, tukajaribu kutikisa, mwingine akapendekeza tuipeleke Mwanza na chupa yake. Mzee Athumani aliizungusha mkononi akasema, "Aliyemwingiza huyu alikuwa na haraka, mimi sina." Akaifunga chupa kwa kitambaa, akaigonga kwa nyundo kwa adabu kabisa, kisha akashinda asubuhi nzima anaokota vigae kwa kibanio. Tangu hapo kila zahanati iliyotutumia mtu ilirudishiwa kopo la mdomo mpana. Hilo mlishike hata mkisahau mengine yote: mdomo mpana, na dawa iwe nyingi kuliko nyama, nyingi sana, nyama iogelee.

La pili alilonifundisha linahusu mfuko wa chakula, yaani tumbo lenyewe. Likikatwa likaletwa zima, usilitumbukize hivyo hivyo. Fomalini inaingia polepole mno. Nje utaona pamekaza vizuri, ndani panaoza. Lazima ulipasue kwa mkasi kando ya uvimbe, ulifungue kama unavyofungua begi, ulilaze juu ya kitambaa, ndipo ulimwagie dawa. Nilikuwa nafanya hivyo hata pale ambapo hakuna aliyekuwa ananitazama. Sijisifu. Ilikuwa imekwishakuwa mazoea, kama kufunga mlango.

Sasa nije kwa Mama Jeni.

Jina lake Editha, wa Murusagamba, mke wa Salvatory. Alikuja kwetu amekonda, baada ya muda mrefu wa kunywa magadi na vidonge akiamini ni vidonda vya tumbo. Wengi wa saratani ya tumbo huja hivyo, wamechelewa, na si ujinga wao. Ugonjwa wenyewe unajua kujifanya kiungulia. Daktari wetu wa upasuaji alimfungua, akatoa sehemu kubwa ya tumbo pamoja na uvimbe, akasema amejitahidi kutoa wote unaoonekana. Kilichobaki ni majibu ya Mwanza. Bila majibu ya nyama, kule kwenye dripu za saratani hawampokei mtu, na wana haki, huwezi kumpa mtu dawa kali ya ugonjwa usioujua.

Nilikuwa nampelekea maji ya kunywa wodini, ndipo nikajua habari ya mtoto. Walikuwa na mtoto mmoja, Jeni, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno. Mama yake alipoona anatapika kila anachokula, alimwachisha ziwa na kumpeleka Kanazi kwa mdogo wake. Nilidhani ni kwa sababu ya udhaifu. Akaniambia hapana.

"Sitaki anizoee, baba," alisema. "Akinizoea halafu niondoke, atanitafuta. Sasa hivi akimwita mdogo wangu mama, ataishi."

Nilimwambia atapona. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayedanganya kuhusu sukari.

"Kama nitaishi namchukua. Kama siishi, abaki hukohuko. Hayo majibu yenu ndiyo yataniambia."

Mimi nilijua majibu yetu hayasemi hivyo. Yanasema ni saratani ya aina gani na imefika wapi. Lakini nilimjazia kikombe, nikaondoka na jagi langu.

Salvatory alijitolea kupeleka nyama Mwanza mwenyewe. Nilimkatia kipande kizuri cha uvimbe, kikubwa kidogo, maana daktari alitaka kionekane pamoja na ukingo wake, nikakiweka kwenye kopo la mdomo mpana, dawa imejaa. Kilikuwa kibichi bado, kimelala kwenye dawa usiku mmoja tu, lakini basi lilikuwa linaondoka. Sehemu iliyobaki ya tumbo ilikuwa kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, nayo imefunguliwa na kuogelea. Hiyo kwa kawaida tunaitunza mpaka majibu yarudi. Ila mama yake Salvatory, Bibi Verediana, alikuwa amefika hospitali kuidai. Kwao sehemu ya mtu haitupwi kwenye shimo la hospitali, inazikwa nyumbani. Daktari alisita, halafu akaruhusu, kwa kuwa kipande cha Mwanza kilishakatwa. Bibi akaiweka ndoo kichwani, akaenda zake.

Yaliyotokea kwenye basi alinisimulia Salvatory mwenyewe baadaye, akiwa ameinamisha kichwa. Kopo halikufungwa barabara, au labda lilifunguka kwa mitikisiko, mimi sijui. Harufu ikatoka. Mnaijua ile harufu, inachoma macho kama kitunguu chenye hasira. Walipofika Geita abiria wa viti vya karibu wote walikuwa wanafuta machozi. Akaulizwa amebeba nini, akasema dawa ya ng'ombe. Mama mmoja akamwambia ng'ombe wake basi walishakufa kabla hawajaugua. Konda akamwambia achague, kopo libaki au yeye abaki. Konda huyo simlaumu, abiria walikuwa wake.

Enzi hizo daraja halijajengwa, mabasi yalipanga foleni kusubiri kivuko cha kuvuka ziwa. Salvatory akashuka na kopo lake, akaenda nyuma ya vibanda vya wauza samaki, akaimwaga dawa yote. Kisha akanunua maji ya kunywa ya chupa, yale ya dukani, maana maji ya ziwa aliyaona si safi kwa mke wake. Akamwosha. Hivyo ndivyo alivyosema, "nikamwosha." Akalijaza kopo maji safi, akafunga, akapanda kivuko akiwa na amani kwamba amefanya jambo la heshima. Alifika mwisho wa juma, ofisi zimefungwa, akasubiri kwa ndugu yake. Alipolikabidhi kopo, lile lililokuwamo ndani halikuwa nyama tena ya kusomeka.

Majibu yakarudi: sampuli imeharibika, leteni nyingine.

Nyingine wapi? Daktari wa upasuaji akaniuliza habari ya ndoo. Nikamwambia imekwenda kuzikwa Murusagamba. Akasema kama imezikwa na ndoo yake huenda bado. Kama imemwagwa udongoni, basi.

Tulienda kwa pikipiki, mimi na Salvatory, barabara ile mnaijua, mifupa inabadilishana nafasi. Alikuwa ameazima jembe kwa jirani kabla hatujafika kwao, kwa aibu ya kumwomba mama yake jembe la kufukua. Nikiwa nyuma yake kwenye pikipiki nimelishika jembe hilo, nilijiuliza tunakwenda kumwambia nini mtu aliyezika sehemu ya mkwe wake kwa heshima zote. Kwamba atoe? Kwamba ile heshima irudishwe maabara?

Bibi Verediana alikuwa anaanua maharage. "Shikamoo, bibi," nilimwamkia, na mimi mwenyewe nilikuwa na wajukuu. "Marahaba. Mmekuja na jembe kulima wapi?" akauliza. Salvatory akageukia pikipiki. Nikaeleza mimi, kwa kuzunguka, nikasema kipande cha Mwanza kimeharibika njiani. Sikusema kiliharibikaje. Salvatory akadakia, "Ni mimi mama, niliimwaga dawa." Nilimheshimu kwa hilo.

Bibi aliendelea na maharage yake. Salvatory akauliza amezika wapi, chini ya mgomba upi, ili achimbe yeye asisumbuke mtu.   Bibi akasema:

"Sikuzika."

"Mama, uliniambia umezika."

"Nilikuambia ili ulale. Sehemu ya mtu aliye hai naizikaje mwenyewe hayupo? Nikiitanguliza kaburini, si nitakuwa nimemwekea nafasi?"

Akainuka, akatupeleka kwenye chumba cha kuwekea mbegu. Ndoo ilikuwa kwenye kona, kifuniko juu, jiwe juu ya kifuniko, na kanga ya zamani imetandazwa juu ya jiwe. Alikuwa anangoja Editha apate nguvu, arudi, asimame mwenyewe pale shimoni wakati kinafukiwa kilicho chake. Akatuambia kila asubuhi akiingia kuchukua mbegu huiambia ile ndoo itulie isimwite mwenyewe. Alisema bila kuona haya, nami sikucheka, ingawa nakiri Salvatory alicheka, halafu kicheko kikamgeukia akawa analia, akatoka nje.

Nilifungua kifuniko. Fomalini ilikuwa imejaa vilevile. Tumbo limekaza sawasawa, limefunguka, uvimbe uliobaki uko pale pamoja na ukingo wake. Bibi alisimama mlangoni.

"Nendeni nayo," akasema. "Lakini irudi. Na irudi na mwenyewe, si na wewe."

Nikamwahidi ndoo. La pili sikuliahidi.

Safari hii kopo lenye kipande kipya nililipeleka Mwanza mimi, nimelizungushia plasta na mifuko miwili, nikashinda njia nzima nanusa kama mbwa. Kusubiri kulikuwa kurefu. Mama Jeni alikuwa amepona mshono, anakula uji kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kama inavyotakiwa kwa mtu mwenye tumbo dogo. Alikuwa kwa jamaa zao mjini Ngara, karibu na hospitali. Kanazi hakukanyaga. Mdogo wake alituma ujumbe kwamba mtoto anaota meno ya nyuma. Mama Jeni akasikia, akarudi kwenye uji wake.

Majibu yaliletwa na Daktari Zuhura, mtaalamu mwenyewe wa kusoma nyama, aliyekuwa anakuja kutoka Mwanza mara mojamoja kutufundisha. Alikuja na hadubini yenye pande mbili, watu wawili mnatazama kitu kimoja, na vile vioo vya Mama Jeni kwenye kisanduku. Aliniita nitazame. Miaka yote hiyo nilikuwa nafunga makopo, sijawahi kuona kilichomo.

Niliona zambarau tupu. Akanielekeza. Yale makubwa yaliyopinda, hayafanani, yamesukumana bila mpangilio, ndiyo saratani. Katikati yake kulikuwa na nukta ndogo nyeusinyeusi, za mviringo, nyingi, kama ulezi uliomwagika mkekani.

"Hizo ndizo seli nyeupe za damu," alisema. "Askari wa mwili. Kwenye uvimbe wa watu wengi utawakuta wamekaa ukingoni, kama majirani waliosimama nje ya nyumba yenye ugomvi. Huyu wake wameingia ndani."

Nikamuuliza maana yake nini kwa mgonjwa. Alinieleza kwa subira, na hapa ndipo nawaomba mnisome kwa uangalifu kwa kuwa mimi mwenyewe nilimrudisha nyuma mara kadhaa. Watafiti wa nchi nyingi wamewafuatilia wagonjwa wa saratani ya tumbo, wakaona kwamba wale ambao askari hao wamejaa ndani ya uvimbe wao, kwa wastani, wanaishi muda mrefu kuliko wale ambao askari ni haba. Mwili wao umekwishautambua ugonjwa na unapigana. "Kwa wastani, mzee Laurenti," akasema. "Neno hilo usiliangushe njiani." Tena akasema askari si wa aina moja. Wapo wanaoua saratani, na wapo wanaoingia wakaishia kuutumikia uvimbe, wakiwazuia wenzao. Kwa rangi ile ya kawaida hawezi kuwatenganisha wote, kunahitajika rangi maalumu ambazo hakuwa nazo.

Kwa haki niwaambie na haya. Baadaye nilimwona mzee mmoja wa Biharamulo ambaye Daktari Zuhura alisema askari wake walikuwa tele, na hakumaliza msimu wa kahawa. Na nilimjua mwalimu mmoja ambaye uvimbe wake haukuwa na askari wa kutajika, mpaka leo nakutana naye sokoni ananidai salamu. Kwa hiyo anayewaambia askari wakiwapo mtu anapona, mwambieni punguza. Na anayesema hawana maana, huyo naye mwambieni punguza.

Mama Jeni aliingia na Salvatory. Daktari Zuhura aliwaambia ni saratani, ndiyo, aina yake na ilipofika, na kwamba dripu zinafaa aanze. Salvatory aliuliza maswali. Mama Jeni hakuuliza. Alikuwa anaitazama hadubini.

"Ugonjwa wenyewe ndio umo humo?" akasema.

Daktari akamwuliza kama anataka kuona. Nilidhani atakataa. Akasogea, akavua kitambaa cha kichwa kilichokuwa kinamzuia, akaweka jicho. Daktari akakaa upande wa pili akawa anamwongoza, makubwa haya, madogo yale. Mama Jeni alikaa pale muda mrefu hadi Salvatory akanitazama mimi.

"Hizi ndogo," akasema mwishowe, bila kuinua kichwa. "Hawa wote wamekuja kwa ajili yangu?"

"Wamekuja kwa ajili yako," alisema Daktari Zuhura. "Ni wako mwenyewe, umewatuma mwenyewe."

"Mimi nilikuwa nimelala tu."

"Ulikuwa umelala, wao walikuwa kazini."

Akaendelea kutazama. Kisha akauliza lile swali, kama ataishi. Daktari hakumkwepa. Alimwambia hajui. Alimwambia wenye askari kama hawa kwa kawaida hupata muda zaidi ya wasio nao, lakini hawezi kumwahidi yeye, Editha, kwamba atakuwa miongoni mwao. Nilitamani aseme zaidi. Baadaye nikaona alisema sawa, ingawa siku ile kwenye maandishi yangu niliandika kwamba alikuwa mgumu.

Mama Jeni alifunga kitambaa chake polepole. Akamwambia mumewe, "Leo nyumbani hatuanzii. Tunaanzia Kanazi."

"Hajasema utapona," Salvatory akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nimesikia. Sasa wao hawajaambiwa watashinda, na wameingia. Mimi nimekaa nje ya mtoto wangu nangoja nini?"

Dripu alipata, nywele zikatoka, zikarudi zikiwa laini kama za mtoto. Tumbo lake lilizikwa Murusagamba, yeye amesimama hapo na mama mkwe amemshika kiwiko. Hadi nastaafu alikuwa anakuja kliniki kwa miguu yake, na kila alipokuja alinipitishia mkungu wa ndizi, ananiambia nimekonda. Zaidi ya hapo siwezi kusema, maana ugonjwa ule haupigi hodi unaporudi, na sitaki kuwaambia kitu ambacho kesho kitanigeuka.

Ila siku ile ya Kanazi nilikuwapo. Gari la chanjo lilikuwa linaelekea huko, nami nilikuwa naenda kuchukua makohozi ya wagonjwa wa kifua, tukapanda pamoja. Mdogo wake alikuwa amekaa uani na ungo wa maharage mabichi, anamenya. Jeni alikuwa kando yake. Alipotuona alijificha nyuma ya mgongo wa mama yake mdogo, akashika gauni lake.

Salvatory akataka kumbeba amlete. Mkewe akamzuia kwa mkono. Akaketi chini, mbali kidogo, akauvuta ungo ukawa katikati yao, akaanza kumenya. Hakumwita, hakumwangalia. Alimenya akazungumza na mdogo wake habari za mvua, za bei ya mbolea, za Bibi Verediana na ndoo yake, wakacheka wote wawili. Dereva alipiga honi, nikamwashiria asubiri.

Mtoto alitoka nyuma ya gauni. Akaja hadi kwenye ungo, akachukua ganda moja la maharage, akajaribu kulifungua likamshinda. Akamnyooshea mama yake.

Mama Jeni alilifungua kidogo tu kwenye ncha, akamrudishia amalizie mwenyewe.